Kabureta ya Matundu Manne

11 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kama mtu anayelala na kuamka anastahili kuitwa mzima. Natumaini nawe u mzima na goti limekuachia kidogo.

Dereva wa lori aliyekubali kubeba mzigo wangu safari hii ana maneno mengi, kwa hiyo sina hakika kama utafika. Nimempa taa mbili za mbele, zile za duara zenye pete inayong'aa. Nimezifunga kwenye shati langu la zamani. Ukiona shati limekosa mkono mmoja usishangae, mkono nimeufungia honi.

Kazi ni ile ile. Magari yanaingia hapa yadi yakiwa yamebebwa, hakuna linaloingia kwa miguu yake, na sisi tunayachinja. Mmoja anafungua milango, mwingine anashusha injini, mimi nakata mabati. Msimamizi wetu tunamwita Nyundo kwa sababu hawezi kusema neno bila kugonga kitu. Yeye ndiye anayeniruhusu nichukue kifaa kimoja cha zamani kila ninapofanya kazi siku ya mapumziko. Wenzangu wananicheka. Wanasema watu wanajenga nyumba kwao, mimi najenga gari lililokufa kabla sijaota ndevu. Nawaacha wacheke. Hawakupanda Bibie. Hawajui harufu ya viti vyake vikishapigwa na jua, wala jinsi ulivyokuwa unapiga honi mara mbili ukikata kona ya nyumbani ili mama abandike maji ya chai.

Baba, nakwambia ukweli kwa kuwa sijui kuandika kingine. Nimechoka. Huu sio uchovu wa kulala ukaisha. Asubuhi vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi kwa sababu ya mashine ya kukatia, mpaka nivipige pige kwenye paja ndipo vinakumbuka kuwa ni vyangu. Lakini sirudi hivi hivi. Niliondoka mbele za watu na sanduku jipya. Siwezi kurudi na lile lile limechakaa, ndani hamna kitu. Mkono mtupu haulambwi. Siku Bibie atakapowaka ndiyo siku nitakayofunga mizigo. Nataka nishuke kwenye basi nikukute umekuja kunichukua naye, na watu waone.

Niambie umefikia wapi. Na ile kona ya nyuma ya chesisi iliyoshikwa na kutu, umeshaichomelea?

Mwanao,
Spana


9 Machi

Mwanangu Spana,

Marahaba. Goti halijaniachia, ila tumezoeana.

Taa zimefika, honi imefika, na shati limefika. Nimelishonea mkono wa turubai, nalivaa gereji. Mkunga ameniona akasema sasa ndege hawatagusa mboga za mtaa mzima.

Yeye na Kinyozi ndio wanaonifanya nisiongee na kuta. Bado tunakutana Jumamosi chini ya bati la gereji yangu, sisi watatu. Kinyozi anakuja na pikapu yake, ambayo ni ya ukoo mmoja na Bibie ila kifua chake kikubwa zaidi. Mkunga anakuja na kigari chake cha milango miwili. Alistaafu zamani lakini bado anakiendesha kama anamuwahi mama mwenye uchungu. Utaratibu wetu unaujua: pesa ni mwiko, ni kifaa kwa kifaa. Kila mtu anaweka alichonacho juu ya gazeti, na mwenye shida kubwa ndiye anayechagua kwanza. Kifaa kizima hakilali rafuni wakati gari la mwenzio limelala. Ndivyo tulivyoanza na ndivyo tutakavyokufa.

Kwa hiyo taa moja nimempa Mkunga. Usinune. Alikuwa anaendesha na jicho moja, na juzi nusura ampeleke mbuzi wa watu mbinguni. Yeye amenipa kitasa cha mlango, kizuri, hakina hata mkwaruzo.

Bibie anakusalimu. Kuku wa jirani ametaga kwenye kiti cha nyuma. Nimemwacha aatamie, maana abiria wa mwisho hata mimi simkumbuki. Nilimwambia Mkunga kwamba huyo kuku halipi nauli, akasema nyinyi wanaume mnalipenda gari likiwa juu ya mawe, likitembea mnaliogopa.

Mkataba wako unaisha lini? Uliwahi kuniandikia kuwa ni mwisho wa mwezi wa nane. Andika tena, nihakikishe kama nilisoma vizuri.

Baba yako,
Dereva


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako mara ya kwanza nimeisoma nimesimama, mara ya pili nimekaa, mara ya tatu nimekasirika. Taa zile nilizitoa kwenye gari lililokuwa chini ya magari mengine mawili. Nililala chali kwenye matope, juu yangu mabati yanalia. Wewe unamwachia Mkunga kwa kitasa! Bibie ana macho mawili, sasa umembakishia moja. Mpe Mkunga shikamoo yangu, na umwambie nimenuna.

Lakini nina habari nzuri, nayo imenipoza. Siku za mapumziko anakuja hapa yadi mzee mmoja mwenye miwani minene. Naye ana ugonjwa wetu. Hanunui, anatafuta tu, anapita kati ya mizoga ya magari mikono nyuma kama mtu anayetembelea makaburi. Nilimwonyesha saa ya dashibodi niliyokuwa nimeiweka. Aliigeuza, akaitia sikioni, akainusa, kisha akasema haina thamani. Nikajua anaitaka mpaka anaumwa. Wiki iliyofuata alirudi na kitu amekifunga kwenye leso, akakifungua taratibu kama anafungua mtoto. Kabureta ya Bibie, Baba. Yenyewe. Matundu mawili ya bolti pale inapokalia injini, mdomo mwembamba, herufi zake zote zinasomeka. Tulipeana mikono na hatukuulizana majina. Akaenda na saa yake sikioni.

Nimeiandika herufi B kwa chaki na kuiweka kwenye rafu yangu. Kuna nyingine pembeni yake, niliitoa kwenye pikapu, zinafanana kama mapacha ila hiyo ina matundu manne. Hiyo ingemfaa Kinyozi, lakini safari hii sitaki kusikia habari za gazeti. Kwanza Bibie. Nikipata dereva wa kuaminika ninaituma.

Mkataba unaisha mwisho wa mwezi wa nane, ulisoma vizuri. Nyundo ameshaanza kuniuliza kama nitasaini mwingine. Ni wa miaka mitatu. Nimemwambia nasubiri jibu la mwanamke fulani wa nyumbani, akacheka na kugonga meza. Hajui kuwa mwanamke mwenyewe ana magurudumu.

Hujanijibu kuhusu chesisi.

Mwanao,
Spana


30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mkunga amepokea kununa kwako. Anasema ulizaliwa umenuna, na yeye ndiye aliyekuona kwanza, kwa hiyo haoni jipya.

Umeniuliza habari za chesisi. Chesisi ipo.

Pikapu ya Kinyozi imekata sauti. Kabureta yake imepasuka, ameiziba kwa sabuni, kwa gundi, kwa dua, wapi. Sasa anakuja Jumamosi kwa miguu na ukimtania anakunyoa vibaya. Mimi nina mlima upande mmoja wa kichwa na bonde upande wa pili. Nimesoma barua yako mbele yake, nikaruka pale ulipotaja ile ya matundu manne. Nimemwonea haya.

Sasa nisikilize. Umeandika habari za saa, za leso, za mzee mwenye miwani, lakini vidole hujavitaja. Mwandiko wako umebadilika. Zamani ulikuwa unaandika kama unakwaruza bati, siku hizi herufi zinalala. Vipi vidole?

Na nikuulize jambo moja, unijibu kama mtu mzima. Kama Bibie hatawaka kabla ya mwezi wa nane, huwezi kuja tu? Chumba chako kipo. Nimetoa matairi, nimefagia. Watu uliowaaga na sanduku jipya, nusu wamehama na nusu wamesahau. Anayekumbuka lile sanduku ni wewe peke yako.

Baba yako,
Dereva


21 Mei

Baba,

Shikamoo. Vidole vimepona. Usivitaje tena.

Kuhusu kuja hivi hivi, hapana. Wewe uliendesha Bibie miaka yote ile, ukatulisha, ukanisomesha mpaka nilipoishia, na kuishia ni kwangu mimi, sio kwako. Mimi nimekuwa huku muda wote huu na nilichonacho ni godoro na deni la usingizi. Nikija nitakaa barazani nifanye nini? Wakiniuliza nimeleta nini niwaonyeshe mgongo? Niache niwe na kitu kimoja cha kuonyesha. Kimoja tu.

Kabureta imeondoka leo. Dereva wa lori hakutaka hata kuzima injini, alikuwa anapiga honi getini na Nyundo ananiita upande wa pili. Nilikimbia banda la rafu, mle ndani giza mchana kutwa. Nimeifunga kwenye kitambaa chenye grisi nyingi, ukiifungua angalia isikudondoke.

Ifunge, mimina mafuta, piga stata. Nikisikia kutoka kwako kwamba Bibie amewaka, sisaini. Nisiposikia, nasaini. Imeisha hiyo.

Mwanao,
Spana


25 Juni

Mwanangu mpendwa,

Amewaka.

Kabureta imefika na grisi yake. Imeingia mahali pake kama kisu kwenye ala. Kinyozi alishika tochi, Mkunga alimimina mafuta, mimi nikakaa kwenye usukani. Mara ya kwanza alikohoa. Mara ya pili alikohoa akatema moshi mweusi, kuku wa jirani akaruka na ukelele wa mwaka. Mara ya tatu akashika. Ngurumo ile ile, mwanangu, ile ya kutoka chini ya kifua, inayotetemesha glasi ndani ya kabati. Majirani walitoka. Kinyozi aligeukia ukutani nikajua analia, nami nikajifanya natafuta spana.

Tulizunguka mtaa. Pale kwenye kona nilipiga honi yako mara mbili.

Sasa umesikia kutoka kwangu. Mwambie Nyundo mwanamke amekubali. Usisaini. Njoo.

Baba yako,
Dereva


4 Julai

Baba,

Shikamoo. Nimeisomea barua yako juu ya boneti la lori lililokatwa nusu, na sikutaka mtu anione uso, nikavaa miwani ya kuchomelea. Nimemwambia Nyundo sisaini. Aligonga meza mara moja tu, polepole. Akasema katika watu wake mimi ndiye nisiyeiba muda. Nadhani hiyo ndiyo sifa kubwa anayojua kuitoa.

Kona umepiga honi mara mbili! Usimwoshe sana Bibie, mwache na vumbi kidogo. Nataka kumwosha mwenyewe.

Wako,
Spana


17 Julai

Baba,

Leo nimeingia banda la rafu kufunga vitu vyangu. Kwenye rafu nimeikuta kabureta. Nimeitoa nje kwenye mwanga. Ina matundu mawili. Ina B ya chaki, mwandiko wangu.

Iliyoondoka ni ile nyingine. Mle ndani kulikuwa giza, honi inalia, nikapapasa matundu kwa kidole na kidole kikaniambia mawili. Ni kosa langu, sina wa kumlaumu. Lakini Baba, ile ni ya matundu manne. Bibie ana bolti mbili. Nimemfungua na kumfunga na wewe tangu sijafika kimo cha bampa yake. Kabureta ile haiingii kwa Bibie hata uisukume kwa teke, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote aliye hai.

Imeingia kama kisu kwenye ala, umeandika. Glasi zimetetemeka kabatini, umeandika. Kinyozi amelia.

Nimekaa kwenye tairi nimejiuliza ni ugonjwa, ni uzee, au ni dharau. Hujawahi kunidanganya, hata siku mama alipozidiwa hukunidanganya. Nimewaambia watu hapa. Wamenipa mikono. Nyundo ameshatafuta mtu wa kukaa mahali pangu, lakini karatasi ya mkataba haijachanwa, iko kwenye droo yake na nikienda kesho nasaini.

Niambie ukweli au usiniandikie tena.

Spana


6 Agosti

Spana,

Mimi ndiye Mkunga. Barua hizi mbili, yangu na ya baba yako, zitakufikia katika bahasha moja, soma yangu kwanza, maana ya baba yako itakutia uchungu na yangu itakutia adabu.

Barua yako ameisoma amesimama mlangoni, akaiweka mfukoni, akaingia kukaa ndani ya gari. Jumamosi tumemkuta humo humo, ana kuku pajani. Tulipomuuliza kulikoni, akaendelea kumpapasa kuku. Kinyozi akaitoa barua mfukoni mwa baba yako kwa mikono yake ya kazi, mwenyewe hasikii, tukaisoma.

Sasa ukweli. Hilo gari halitatembea tena. Sio kwa kukosa kabureta. Chesisi imeliwa kutoka nyuma mpaka katikati. Ukiligonga kwa kidole, kutu inadondoka kama unga. Baba yako alilijua hilo kabla hujatuma kifaa cha kwanza. Alitaka kukwambia, mimi shahidi. Lakini barua zako za mwanzo zilikuwa mistari mitatu: mimi mzima, kazi ipo, kwaheri. Ulipoanza habari za Bibie zikawa kurasa. Akasema nikimwambia kutu, mtoto atarudi kwenye mistari mitatu. Kwa hiyo akanyamaza, na kila ulichotuma akakiweka kwenye gazeti. Kifaa kizima hakilali. Taa zako ziko kwangu, zote mbili, hiyo ya pili alinipa baadaye. Rejeta uliyotuma zamani iko kwangu. Usukani wa safari hiyo hiyo, na ile honi, viko kwa Kinyozi.

Siku ya kabureta tulikuwepo wote watatu. Baba yako alifungua kitambaa, akafuta grisi, akaihesabu matundu. Kinyozi aliruka juu, maana alikuwa anaitazama kabureta yake mwenyewe. Akasema mwanao ni malaika. Baba yako hakucheka. Alibaki ameishika muda mrefu, kisha akampa. Tukaifunga kwenye pikapu pale pale, na yote aliyokuandikia ni kweli, ngurumo, moshi, majirani, na Kinyozi kugeukia ukutani. Ila gari ndilo silo.

Nilimwambia usimwandikie mtoto hivyo, ana akili za vyuma, atakukamata. Akaniambia kwa nini anaandika. Hiyo atakwambia mwenyewe.

Mimi nimepokea watoto wengi katika mji huu na sijaona hata mmoja aliyekuja ameshika kitu. Fikiri juu ya hilo kabla hujafungua droo ya watu.

Mkunga


6 Agosti

Mwanangu,

Sina barua ndefu.

Nimekudanganya. Sio ugonjwa wala uzee wala dharau.

Wewe nilikufundisha matundu ukiwa umefumba macho. Unakumbuka? Nilikuwa nakuwekea vifaa nyuma ya mgongo, unapapasa, unanitajia. Hukuwahi kukosa. Sasa nafungua kitambaa nakuta manne. Nikasema mtoto huyu hawezi kukosea mawili na manne. Giza sio sababu, tulizoea giza. Ni vidole. Uliniandikia vimepona, na hapa vimekuja vyenyewe kuniambia vimekufa.

Miaka mitatu mingine na ile mashine, nikafikiri, nitaletewa nini. Nikakumbuka ulivyoandika kwamba nisiposema amewaka unasaini. Nikaenda kuandika amewaka. Ningeandika hata kwamba anaruka.

Umesema mkono mtupu haulambwi. Ni kweli, wahenga walisema. Lakini mkono uliojaa vitu haushikiki, mwanangu, na mimi nataka kuushika mkono wako wakati bado kuna kidole kinachonisikia.

Bibie hatakuja kukupokea. Lakini kule kituo cha mabasi utaona pikapu ya Kinyozi, itanguruma ukiwa bado uko mbali, na honi utaijua. Nyuma yake utaona kigari cha Mkunga, macho mawili, taa zako. Mimi nitakuwa mbele, kwenye usukani wako, Kinyozi amekubali kunipa kwa siku moja. Gari lako limewaka, Spana. Limewaka vipande vipande, na linatembea mtaani kila siku.

Usisaini. Kama umeshasaini, njoo hivyo hivyo, wakidai mkataba wao wanitafute mimi.

Baba


22 Agosti

Baba,

Shikamoo.

Sijasaini. Kesho yake baada ya barua ile ya hasira nilifika mpaka mlangoni kwa Nyundo. Alinipa kalamu, ikanidondoka. Nikaiokota, ikanidondoka tena. Alitazama mkono wangu, hakugonga kitu chochote. Akairudisha karatasi kwenye droo, akasema nenda kamsubiri huyo mwanamke wako akujibu tena. Nilikuwa sijakwambia, nilikuwa bado nina hasira.

Sasa amejibu.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana inatembea kama Kinyozi akiwa hana pikapu. Kidole gumba cha kulia bado kinasikia, na kile kinachokifuata kidogo. Nimevijaribu leo kwenye maji ya moto.

Mzee mwenye miwani alipita. Nilimpa ile kabureta yenye B. Aliuliza nataka nini badala yake nikasema sitaki kitu, akanitazama kwa mashaka sana, akainusa. Mwishowe akaichukua, akasema saa ile inatembea vizuri, na hiyo nadhani ndiyo ilikuwa shukrani.

Sanduku nimemwachia mwenzangu wa chumba, bawaba zimekatika. Nguo zangu zinaingia kwenye mfuko mmoja, na huo nitauvaa mgongoni.

Basi linafika Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa, mchana. Mwambie Mkunga aende taratibu, watu wana mbuzi. Mwambie Kinyozi nitaomba kukaa mbele.

Nakuja mikono mitupu, Baba. Yote miwili.

Mwanao,
Spana